Shajara ya Seji Nyeupe Nyuma ya Nyumba Yetu

Septemba 21, mwaka wa kwanza

Mwenye nyumba amekubali, kwa hiyo leo naanza kuandika. Nyuma ya nyumba zetu za kupanga hapa City Heights, San Diego, kuna mteremko unaoshuka hadi korongoni. Mpaka kwenye uzio wa chini ni mali yake. Ukivuka uzio ni mali ya jiji. Miaka minne nimekuwa nikiutazama kutoka dirisha la jikoni. Machi unakuwa kijani, Juni unageuka rangi ya mkate mkavu, na haradali iliyokauka inasimama juu kuliko kimo cha mtu. Ameniambia nifanye nitakavyo, ila sehemu ya juu nisiipande kitu, maana sheria ya moto inataka vichaka vipunguzwe ndani ya futi 100 kutoka ukutani. Kwa hiyo shamba langu ni kile kipande cha chini, hatua 30 kwa 12 hivi, mwinamo mkali, udongo wa changarawe na mfinyanzi kidogo.

Kwenye pembe yake kuna kichaka kimoja kikongwe cha seji nyeupe, Salvia apiana. Hicho ndicho kilichonishawishi. Kwa mbali unadhani kimemwagiwa majivu. Ukikaribia unaona majani yana manyoya meupe, mafupi kama ya kitambaa cha flana. Mara ya kwanza nilifinya jani moja, nikanusa, nikapata mkaratusi na nyuma yake kafuri. Nilishtuka. Kwetu Tanga kafuri inanikumbusha maiti inayokoshwa, wala si bustani. Kisha nikashika bua lake likawa na pembe nne. Pembe nne, majani mawili mawili yakitazamana, maua yenye midomo: hiki si ndugu yake kivumbasi? Ndugu kweli. Seji, kivumbasi, mrehani na nanaa ni ukoo mmoja.

Septemba 29

Nimempigia mama. Nikamweleza mradi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umekwenda Marekani kupanda magugu?"

Nikamwambia si magugu, ni mimea ya wenyeji wa hapa. Akauliza inaliwa? Nikasema zamani Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa eneo hili, na majirani zao walikula mbegu zake, wakizisaga pamoja na nafaka nyingine, na majani ni dawa, na mpaka leo yana heshima yake katika ibada zao. "Wanafukiza?" Ndiyo, mama. "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo." Bibi yetu alikuwa hakosi chetezo Alhamisi jioni, ubani juu ya kaa la moto, na mtoto anayepita anaitwa afukizwe. Kwa hiyo mama alielewa upande huo wa mambo haraka kuliko mimi nilivyoelewa.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba madukani hapa mafungu ya seji nyeupe yaliyofungwa kwa uzi yanauzwa karibu na mishumaa, na mengi yamekatwa porini bila ruhusa. Kule North Etiwanda, kaunti ya San Bernardino, watu wamekamatwa na magunia yake. Mmea wenyewe haumo katika orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini, lakini dunia yake ni ndogo: kusini mwa California, kuanzia upande wa Santa Barbara, hadi kaskazini mwa Baja California huko Mexico. Basi. Hauoti porini kwingine kokote.

Oktoba 12

Haradali. Siku nne za kung'oa haradali. Sururu, reki, glavu, na mgongo unaolalamika. Mzizi wake ukiukata juu unachipua tena, kwa hiyo unauvuta mzima kama unavyong'oa muhogo, ila huu haukupi chakula.

Mzee mmoja jirani, mtu wa Fizi, Kongo, huwa anakaa kwenye kiti chake cha plastiki juu ya ngazi akiniangalia. Juzi aliteremka. "Mama, unapandaka nini huku?" Nikamwonyesha kichaka kikongwe. Akakata jani, akalisugua mikononi, akanusa, akanyamaza. Kesho yake alikuja na glavu zake mwenyewe. Tangu hapo ninamwita mwenyekiti wa mradi, naye hajakataa cheo.

Oktoba 24

Upepo wa Santa Ana. Unatoka jangwani mashariki, mkavu, moto, ukishuka milimani kuelekea bahari. Midomo inapasuka. Hatukufanya kazi, ukigonga jiwe kwa sururu cheche moja inatosha. Watu wa hapa wakiona upepo huu wanazungumzia Oktoba 2003, moto wa Cedar, uliounguza zaidi ya hekta 110,000 katika kaunti hii na kuua watu 15.

Seji yenyewe haiogopi moto kiasi hicho. Imeuzoea. Ikiungua huweza kuchipua kutoka shinani, na mbegu zilizolala ardhini huamka. Taabu ni moto unaorudi kila baada ya miaka michache. Hapo kichaka hakipati muda wa kukua na kuzaa, nyasi za kigeni zinachukua nafasi, na nyasi hizo zikikauka ndizo kuni za moto unaofuata.

Novemba 16

Tumepanda. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, udongo umelainika kiasi cha kidole.

Hapa inabidi niandike jambo ambalo kwa mtu wa Tanga linahitaji kurudiwa mara tatu. Huku mvua inanyesha wakati wa baridi. Novemba hadi Machi ndiyo masika yao, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 250. Kwetu inapita 1,000 bila jasho. Baada ya Aprili, mbingu inafungwa hadi vuli. Kwa hiyo joto na maji havikutani. Mimea ya hapa hukua kwa baridi, huchanua mwanzoni mwa joto, kisha kiangazi hulala. Mwezi ambao mimi namwona mmea kama unakufa, mwenyewe yuko usingizini.

Miche imetoka kitalu cha mimea ya asili: seji nyeupe 20, seji nyeusi (Salvia mellifera, ya majani ya kijani kibichi yenye makunyanzi) 12, na Eriogonum 10, kichaka cha maua madogo yanayogeuka rangi ya kutu. Tumeongeza Artemisia californica tano. Hiyo wasemaji wa Kiingereza nao huiita kwa jina linalofanana na la seji, lakini si ukoo wake kabisa. Ni jamaa wa pakanga, na ukiinusa utajua. Mashina ya seji na Artemisia, Eriogonum na mengine ya aina hiyo, ndiyo yanayofanya pori fupi la pwani ya hapa, vichaka vya kimo cha kiuno, laini, vyenye harufu. Pori hilo limebaki sehemu ndogo sana ya lilivyokuwa. Sehemu nyingine zote ni barabara, nyumba, mashamba, na viwanja vya gofu.

Kila shimo nikalitia koleo la samadi. Mwenyekiti aliunga mkono. Kilimo bila samadi ni kilimo gani?

Januari 18

Samadi imefanya kazi. Nyasi za kigeni zimestawi kuzunguka kila mche, kijani kinene, duara kamili kana kwamba mtu amechora. Miche yenyewe haina habari.

Nimesoma, nikaona aibu. Pori hili limezoea udongo maskini. Tayari moshi wa magari unaliongezea naitrojeni kutoka hewani, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyasi za Ulaya kulishinda. Halafu nimekuja mimi na gunia.

Tunapalilia kwa mkono, duara moja moja.

Machi 8

Fuko wamekula mizizi ya seji nyeupe tatu na nyeusi moja. Unauvuta mche unatoka kama kijiti kilichochomekwa. Waliobaki wamekua: kubwa kuliko yote imefika magotini.

Na leo asubuhi, saa moja na nusu, nimesikia paka mdogo akilia ndani ya Artemisia ng'ambo ya uzio. Nikamtafuta. Alikuwa ndege. Kidege cha kijivu, chepesi kuliko sarafu mbili, chenye mkia mweusi kinachoutingisha: Polioptila californica. Huku kinaishi hasa ndani ya pori hili la seji na Artemisia, na mwaka 1993 serikali ya Marekani ilikiandikisha kuwa kiko hatarini. Miradi mingi ya nyumba imesimama kwa ajili yake, na najua wapo watu hapa mjini wanaokichukia kwa jina. Mimi nilikaa chini kwenye matope nikakisikiliza kikilia kipaka mpaka nikachelewa kazini.

Julai 26

Joto. Majani ya seji nyeusi yamejikunja na kuanza kudondoka. Seji nyeupe zimepauka. Mama kwa simu: "Mwagia maji, mwanangu. Mti haulishwi maneno." Nimenunua mpira wa maji wa futi 75. Kila jioni nikitoka kazini, robo saa.

Agosti 19

Seji nyeupe nne zimelala ghafla. Jana nzima, leo zimeinama. Nimeongeza maji.

Septemba 6

Zimekufa 11. Ukijumlisha tatu za fuko, zimebaki sita kati ya 20. Nimeng'oa moja: mizizi myeusi, laini, inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo.

Mwenyekiti alisimama pale, mikono nyuma, akahesabu zilizopona kwa kidole. Kisha akaufuata mpira wa maji kuanzia bombani mpaka mwisho wake, akaweka jiwe pale ulipoishia. Sita zilizopona zote ziko ng'ambo ya jiwe. Hizo nilikuwa nimezipelekea ndoo mara mbili tu, Juni na mwisho wa Julai, kwa sababu nilichoka kubeba.

Sikuwa na la kusema. Vimelea vinavyoozesha mizizi hupenda udongo wenye joto na unyevu kwa pamoja, na porini hapa vitu hivyo viwili haviji pamoja, kwa hiyo seji haijawahi kuhitaji kinga dhidi yao. Nilileta masika ya Tanga mwezi wa Agosti nikaziua kwa mkono wangu. Seji nyeusi zilikuwa chini zaidi, maji yalizifikia mbili tu, zimebaki tisa.

Mama alipopata habari alifikiri kidogo, akasema, "Basi huo mti una kiburi." Mpira nimempa jirani mwenye nyanya.

Novemba 22, mwaka wa pili

Tumepanda tena seji nyeupe 15. Safari hii miche midogo, ya kimo cha kiganja. Hakuna samadi. Kila mzizi umevishwa kikapu cha waya wa kuku dhidi ya fuko. Maji mara moja siku ya kupanda, udongo ukae vizuri, na baada ya hapo ni mvua. Kiangazi kijacho, ndoo moja kwa mwezi, asubuhi, kwa mwaka wa kwanza tu.

Kuna jaribio nimeongeza. Chini ya kichaka kikongwe na kuzunguka kwake kuna ukanda wa ardhi tupu, kama hatua moja na nusu, kisha nyasi zinaanza. Mwenyekiti anasema ni sumu ya majani. Yuko karibu na hoja ya mwanasayansi Cornelius Muller. Mwaka 1964 alieleza kuwa vichaka vyenye harufu, akichunguza seji ya zambarau (Salvia leucophylla) na Artemisia, hutoa mvuke unaozuia mbegu za nyasi kuota. Habari hiyo ilienea sana. Lakini mwaka 1970 Bruce Bartholomew akaonyesha jambo la kawaida zaidi: sungura, panya na ndege hujificha vichakani, na wanakula kila kinachoota karibu na maficho, kwa sababu hawathubutu kwenda mbali. Aliziba sehemu kwa waya, nyasi zikaota.

Kwa hiyo nimechukua wavu wa dirisha wa zamani, nikaukunja uwe sanduku, nikaufunika juu ya ardhi tupu, nusu hatua kwa nusu hatua, na kuupigilia vigingi. Pembeni yake nimeacha kipande kama hicho wazi, kwa kulinganisha. Mwenyekiti ameweka dau la soda mbili upande wa sumu.

Februari 21

Ndani ya sanduku: nyasi za kidole kirefu, na haradali saba. Nje ya sanduku: ardhi tupu, mavi ya sungura.

Mwenyekiti amelipa soda moja. Nyingine anaizuia, anasema sanduku moja halitoshi kuitwa ushahidi, na ni kweli. Mwaka ujao tutaweka manne. Ila nimefurahi kwa sababu nyingine: sungura wamekuwa wakinisaidia kupalilia mwaka mzima, nami nilikuwa ninawafukuza kwa mawe.

Machi 29

Seji nyeusi zimechanua, tisa zote. Maua madogo ya rangi ya samawati iliyofifia, yamepangwa kwa mafungu ya duara kwenye bua, moja juu ya jingine kama shanga za kiunoni. Nyuki wa asali wamejaa toka asubuhi.

Seji nyeupe mbili kati ya zile sita kongwe zimeanza kutoa mabua. Yanapanda haraka. Wiki mbili, kutoka magotini hadi begani.

Mei 10

Limefunguka ua la kwanza la seji nyeupe tuliyoipanda sisi. Nimelichunguza kwa miwani ya kusomea.

Ni jeupe, lina madoa ya zambarau hafifu. Mdomo wa chini ni mkubwa, na badala ya kuning'inia kama wa seji nyingine, umekunjwa juu ukaziba koo la ua kama mlango. Vijiti viwili vya chavua vimetoka nje mbali, vimeenda pembeni kama pembe za ng'ombe, na kijiti cha kike nacho kimetoka peke yake. Nyuki wa asali alikuja, akapenya ubavuni, akanywa, akaondoka. Hakugusa kijiti chochote. Ni mgeni aliyekula akapita mlango wa nyuma.

Hii ndiyo habari ambayo wanabotania mume na mke, Karen na Verne Grant, waliiandika mwaka 1964 kuhusu seji hizi mbili. Zinaota pamoja, kwenye mteremko mmoja, na zinaweza kuzaa chotara, lakini chotara ni wachache. Nyeusi hutangulia kuchanua, na ua lake linatosha nyuki wadogo. Nyeupe hufuata, na inamtaka nyuki mkubwa, mwenye uzito wa kuusukuma mdomo ule chini na upana wa kufikia pembe zile. Willis Jepson aliyeipa jina mwaka 1908 aliita apiana, yaani ya nyuki. Hakutaja nyuki gani.

Mei 17

Wiki nzima nimeangalia. Nyuki wa asali tu. Maua ya chini yameanza kuanguka.

Nyuki wakubwa wa hapa, wale weusi wanaotoboa mbao, wanahitaji mbao. Mbao iliyokufa, kavu, isiyopakwa rangi. Na mimi mwaka jana, nikisafisha, nilitoa magogo yote yaliyokuwa uzioni, nikayapanga vizuri kando ya pipa la taka nikijisifu. Niliuliza kama tunaweza kurudisha yoyote. Yalikwishaondoka siku nyingi.

Mwenyekiti akaniambia nguzo tatu za uzio wa chini zimeoza juu, na mwenye nyumba anataka kuzibadilisha kwa chuma mwezi ujao. Nimemwandikia mwenye nyumba ujumbe mrefu wenye adabu nyingi.

Mei 19

Mwenye nyumba: "Ziache, zinanipunguzia gharama."

Mei 25

Saa tano asubuhi, jua kali. Nilisikia kabla ya kuona, mlio mzito kama pikipiki ya mbali. Mweusi, anang'aa, mkubwa kama ncha ya kidole gumba. Alizunguka kichaka kikongwe mara mbili, akaja kwenye bua letu. Akatua kwenye mdomo wa ua, ukashuka chini kwa uzito wake, bua zima likayumba, na vile vijiti viwili vikamgusa mabawani. Alipoondoka alikuwa na unga wa manjano begani. Akaenda ua la pili, la tatu, la nne. Hakuharakisha.

Mwenyekiti alikuwa juu ya ngazi kwenye kiti chake. Nikampungia mkono aje. Akaonyesha kwa kidole uzioni: dume lake, rangi ya dhahabu, macho ya kijani, likielea hewani mbele ya nguzo ya pili kama mlinzi wa zamu. Kumbe alikuwa ameliona tangu saa tatu, hakuniita, alitaka nimwone jike mwenyewe.

Julai 12

Mabua yamekauka. Tumeweka mfuko wa karatasi chini, tukatikisa. Kila kikombe cha ua kikavu kina nafasi ya mbegu nne. Vingi vina moja au hakuna, na yale maua ya chini ya wiki ya kwanza yote ni matupu. Mbegu ni za kahawia, zinang'aa. Nimehesabu 212 kutoka mabua ya mimea yetu miwili.

Za seji nyeupe huota kwa shida, na moshi wa moto wa porini huziamsha. Novemba tutazigawa mafungu mawili: moja tutapanda hivi hivi juu ya udongo bila kuzifukia, maana zinataka mwanga, jingine tutalifukiza kwanza. Mama amesema nitumie chetezo. Nimemwuliza makaa ya nini. Amesema makaa ya mkaa, ila juu yake niweke majani makavu ya seji yenyewe, yale yaliyodondoka, nisikate mabichi.

Miche 15 ya mwaka huu: iko hai 13. Ndoo ya Julai imeshapita. Inayofuata ni Agosti 9, asubuhi, zamu ya mwenyekiti.